Msoma Nia za Misa

Mwalimu mstaafu aliyesoma nia za misa parokiani walimwita Spika, naye jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo. Alikuwa na sheria moja tu: kilichoandikwa kwenye daftari la nia kinasomwa chote, mpaka nukta. Katekista aliwahi kumwomba apunguze maneno. "Mimi nasoma, siwachujii watu sala zao," akamjibu, na habari ikaishia hapo.

Jumapili ile kanisa lilifurika hadi uani. Askofu alikuwa ameandika barua, parokia zote zifunge na kuiombea nchi ya jirani, ambako majenerali walimpindua rais, na wanajeshi wao wakawafuata waandamanaji hadi ndani ya kanisa na kuwamiminia risasi. Watu arobaini na mmoja walikufa kati ya mabenchi. Picha zao zilipangwa mbele ya altare, na ndugu zao waliokimbilia huku walikaa mstari wa kwanza wakizitazama. Juu ya mlango vilifungwa vipaza sauti viwili, walio nje wasipitwe na kitu.

Spika akasoma nia za marehemu, watu wakalia. Tusifichane, alijisikia mtu mkubwa. Akafungua ukurasa wa pili na kusoma kwa sauti ileile ya mbwembwe:

"Mama fundi cherehani anamshukuru Mungu kwa mwanawe, kapteni, aliyevuka mpaka salama siku ya Alhamisi. Anawashukuru pia masista wetu waliompa chumba."

Mama fundi akainuka, mikono kichwani. Alikuwa mkimbizi kama wenzake, na nguo nyeusi za mstari ule wa kwanza alizishona yeye. Kwao, daftari la nia padri huliweka altareni likiwa limefungwa, Mungu akajisomea mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba huku hutangazwa.

"Kapteni yupi huyo?" mjane mmoja akauliza.

"Ana mtoto mmoja tu," jirani yake akamjibu. "Ni huyo huyo aliyekuja na kikosi kile kanisani kwetu."

Benchi la kwanza likapinduka. Watu wakamwagika nje, na waliokuwa uani walishasikia kila neno, hawakuhitaji kuelezwa. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Huu wa Spika uliponza kichwa cha mwenziwe, naye alilijua hilo kabla hajafunga daftari. Akapitia mlango wa sakristia, akakimbia kwa miguu yake ya kizee mpaka geti la masista, akalikinga kwa mikono.

"Jamani, kosa ni langu! Nipigeni mimi!"

Wakampiga. Kijana aliyemwamkia shikamoo asubuhi ileile alimtwanga tofali la mdomo. Meno yalimwingia kooni, akaanguka, wakampita juu na kumvunja mkono. Mama mkuu wa masista walimburuta kwenye kokoto kwa shela yake mpaka ikachanika na ngozi ya kichwa.

Mlango ukafunguliwa. Kapteni akatoka mikono juu, amevaa shati la kuazima lisilomtosha.

"Mwacheni sista. Mnayemtaka ni mimi."

Mjane akamsogelea. "Siku ile kanisani, ulikuwepo?"

Pale chini Spika alimwomba Mungu huyu mtu aseme uongo. Mara moja tu, na dhambi yake angeibeba yeye.

"Nilikuwepo," kapteni akasema.

Walimuua kwa walichokuwa nacho: matofali, miguu ya mabenchi, na mti wa msalaba wa maandamano, ambao ulivunjika mara mbili. Padri, Mungu amsamehe, alibaki altareni akisali Baba Yetu kwenye maiki, na vipaza sauti vikaitoa nje yote. Mama fundi alifika wakati hakuna tena uso wa kumtambua mwanawe. Alimtambua kwa nyayo.

Jumapili iliyofuata Spika alikuja na midomo iliyoshonwa na mkono kwenye plasta, ili amkabidhi katekista daftari. Mama fundi akamkuta sakristia.

"Mama, nisamehe," akasema, maneno yakimtoka kama uji.

"Nimeandika nia."

"Atasoma katekista. Mimi sina mdomo tena."

"Ile nyingine uliisoma vizuri, mwalimu. Hii nayo utaisoma wewe. Na vile vipaza sauti vya nje vifunguliwe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Spika akalichukua daftari. Akapanda mimbarini. Mstari wa kwanza walikuwepo wale wale, na nguo zile zile. Akafungua daftari, nyuzi zikamkatika mdomoni, damu ikadondokea ukurasa, akasoma mpaka nukta:

"Mama fundi cherehani anamwombea mwanawe, marehemu wa arobaini na mbili."