Guu ni Langu

Watoto wakikupenda kupita kiasi, watakuzika ungali hai, na kaburi watakutandikia mito. Mama Pindo, mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, aliwaza hivyo huku ameketi kwa hasira mbele ya cherehani yake.

Chanzo kilikuwa bonge la damu. Lilimganda mguuni baada ya kulazwa kitandani na homa. Alipopata nafuu, daktari alimwambia mbele ya mwanawe: "Vidonge umeze, lakini usikae sana, mama. Tembea, chezesha miguu. Umri huu damu inataka kusukumwa. Bonge likirudi likapanda kwenye mapafu, litakuua."

Mwanawe, fundi umeme, alisikia hilo la mwisho tu. Siku hiyohiyo aliivua cherehani mkanda wa kukanyagia, akafunga mota.

"Sasa unabonyeza kidogo tu, mama. Pumzika."

Majirani wakamsifu kwa kumtunza mzazi. Mkwewe, mke wa fundi huyo, naye akanyakua ufagio na ndoo. Mama Pindo akashukuru, maana zawadi ya mtoto humrudishii usoni. Alipoanza kunung'unika, mwanawe alicheka: "Mgonjwa haulizwi uji."

Juzi mguu ukavimba tena. Hospitali wakaupima, wakasema bonge jipya halijaonekana, kisha wakamuuliza kama siku hizi anashinda amekaa. Aliona aibu kujibu.

Leo mkwewe alipotoka tu, Mama Pindo alishika bisibisi. Mota ikang'oka, mkanda ukarudi mahali pake. Alikanyaga mara chache kuujaribu, na ule mlio aliouzoea nusura umtoe machozi. Kisha akaitia mota kikapuni, akavaa viatu, akatoka. Karakana ya mwanawe ilikuwa ng'ambo ya soko, juu ya kilima. Alipochoka alisimama, akapumua, akaendelea.

Mwanawe alipomwona mlangoni, koleo lilimdondoka.

"Mama! Nani kakuleta?"

"Miguu." Akaiweka mota juu ya meza.

"Si ungenipigia simu nije kuichukua?"

"Ungekuja wewe, mimi ningebaki nimekaa. Kukaa ndiko kunakoniua, mwanangu."

"Lakini mama, wahenga walisema asiyesikia la mkuu..." Akakwama.

"Malizia basi. Huvunjika guu. Mkuu ni mimi, na guu ni langu!"

Mafundi wenzake waliinamia kazi zao, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Yeye hakucheka. Midomo ilimcheza kama alipokuwa mdogo.

"Baba tulimpoteza ghafla," alisema. "Naogopa, mama."

Hapo hasira zikamshuka Mama Pindo. Akamshika mkono wenye grisi.

"Hata mimi naogopa. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu."

Mwanawe akatoa simu aite gari la kumrudisha. Mama akamkata jicho moja tu. Simu ikarudi mfukoni, naye akamfuata nje.

Walishuka kilima, wakapita soko. Kwenye kimwinuko cha kuingilia mtaani kwao, fundi alisimama, mkono kwenye kitambi, akihema.

"Mama, tupumzike kidogo."

"Pumzika wewe," alisema bila kugeuka. "Mimi nina nguo za watu."