Utukufu Uliomfunika Mama Robi

Jumapili, tarehe 17 Machi 2024. Kijiji cha Susuni kiliamka na wingu zito. Mvua ilinyunya kidogo, ikaghairi, ikaacha baridi.

Waitara aliliona wingu lile kuwa jibu la maombi. Mwalimu wake wa masomo ya jioni ya upigaji picha, Everlyne, alikuwa amewafundisha kwamba chini ya wingu mwanga hutulia, na mtu anayejifunza kupanga kamera kwa mkono hapati siku nzuri zaidi. Waitara alikuwa na miaka sitini. Kuiachia kamera ijipangie yenyewe alikuona kama kumtuma jirani akusalie.

Siku hiyo alikuwa na kazi moja. Gati, dada ya mama yake, alikuwa mgonjwa ng'ambo ya mpaka, Isibania nchini Kenya, hawezi tena kusafiri, na alikuwa ameomba auone uso wa dada yake. Picha zote za simu zilimtoa mama yake, Mama Robi, na kilemba cheupe, na chini ya kilemba, giza.

Baada ya ibada alimketisha mama yake nje ya kanisa. Alipima mwanga usoni pake, siyo kwenye kilemba, akapanga kila kitu sawasawa. Everlyne, aliyekuja kumtazama mwanafunzi wake, alitikisa kichwa kukubali.

Ndipo Waitara akafumba macho. Hakuwahi kuanza kazi bila kuomba, na hakuwahi kuomba kwa kifupi. Alimshukuru Mungu kwa lenzi, kwa mwalimu, kwa ng'ombe. Akawaombea wagonjwa wa Susuni, na maombi yalipofika kwa wafugaji wa Mbalibali, wingu lilikuwa limepasuka na jua limewaka juu ya kilemba. Akasema amina, akabonyeza. Alipiga moja tu, kwa imani.

Kwenye kioo cha kamera palikuwa na weupe mtupu wenye umbo la mama aliyeketi.

"Mungu wangu," alinong'ona mwanamke mmoja. "Anang'aa."

Mchungaji Filemoni aliitazama picha kwa muda mrefu. "Huu ni utukufu," alisema. "Tutaikuza, tuiweke karibu na madhabahu."

Watu walianza kumpa Waitara mkono na kumwita mtumishi. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Jina lilimkaa vizuri kama koti jipya.

Mama Robi akaomba kamera. "Mura," alimwambia mwanawe, kama kijana anavyoitwa kwa Kikurya, "pua yangu iko wapi?"

"Imefunikwa na utukufu, mama."

"Basi uambie usogee. Zamani nilikuwa giza, leo nimekuwa unga. Gati atadhani nimekufa, watu wanamficha."

Waitara alimsogelea Everlyne, akitumaini mwalimu ataona mkono wa Mungu.

"Mzee wangu, mwanga umezidi tu," alisema Everlyne kwa sauti ya chini. "Ulipima wingu, ukapiga jua. Si ungeomba kwanza, ndio upime?"

"Kwa hiyo si utukufu?"

"Hiyo muulize mchungaji. Mimi nafundisha kamera."

Mchungaji tayari alikuwa amewakusanya watu. "Mtumishi wa Mungu, Waitara, njoo ushuhudie."

Waitara alifikiri kwamba angeweza kusema "Bwana asifiwe" tu, na isingekuwa uongo. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa bado kwenye kiti, akikiweka sawa kilemba chake ili dada yake amwone.

"Wapendwa," alisema, "hamna muujiza hapa. Jua lilitoka nikiwa nimefumba macho, nikapiga bila kupima tena. Mchungaji, nisamehe, picha hii siyo ya madhabahuni." Akasimama kando ya kiti cha mama yake. "Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu nyote: mama yangu hataondoka kwenye kiti hiki leo mpaka nimpige picha ambayo Gati atamjua. Na mpaka hapo, siombi tena."