Geuza au Nyamaza

Shemeji yangu aliendesha malori ujana wake wote, na alipostaafu akaamua kuendesha ndege. Si ndege ya kupanda na begi. Ni ile iliyo ndani ya kompyuta ya binti yangu, kwenye chumba cha nyuma nilimokuwa naweka vitambaa. Majirani wanamwita Kepteni. Wengine wanasema hivyo huku wanacheka, lakini yeye anaitika kwa heshima zote.

Ndege aliyoichagua ni kuukuu, ya mapangaboi manne, ya enzi ambazo abiria walivaa tai kwa ajili ya kusafiri. Binti yangu alimwonyesha za kisasa, zile zinazovuka bahari kwa mruko mmoja. Akazikataa.

"Hizo zinajiendesha zenyewe, mwanangu. Mimi nitafanya nini humo, nipige makofi?"

Alitaka chombo kinachochoka na kunywa mafuta, chombo kinachomlazimisha mtu kufikiri kabla hajaondoka. Na kufikiri ndiko anakokupenda. Safari moja huipanga wiki nzima. Ramani ya dunia tumeibandika ukutani kwa pini zangu za kushonea, na njia tunaivuta kwa uzi. Anauliza maswali ya dereva wa lori: tunalala wapi, mafuta tunajaza wapi, mbele kuna mlima gani, na tukikuta uwanja umefunikwa na ukungu tunakimbilia wapi. Upepo unaoisukuma ndege ni upepo wa kweli wa siku hiyo, unaletwa na mtandao. Abiria tu ndio hawapo. Mimi huwaombea hata hivyo, kabla injini hazijawashwa.

"Mama," binti yangu aliniuliza siku moja, "unawaombea watu ambao hawapo?"

"Mungu anajua pa kuyapeleka maombi yaliyozidi," nikamwambia.

Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya sheria moja ya shemeji: safari haisimamishwi katikati. Hewani hakuna kuegesha kando ya barabara ukaenda chooni. Kwa hiyo akiinuka, lazima mtu akae kwenye kiti aangalie. Nilianza kwa kukaa pale na kazi yangu, nashona vifungo vya sare za shule, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye kioo. Baadaye nikawa namsomea geji ya mafuta. Mwisho nikawa namsomea kila kitu, maana macho yake yalikuwa yamepatwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na namba ndogo alikuwa anazikisia tu.

Daktari alisema upasuaji wake ni mdogo. Shemeji alikosa miadi ya kwanza kwa sababu eti tulikuwa hatujamaliza kuvuka jangwa. Ya pili akaikosa kwa sababu ya milima. Ya tatu ilikuwa Jumatatu, na binti yangu, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa ameibembeleza hospitali mpaka sauti ikamkauka. Tukiikosa hiyo, tunarudi mkiani mwa foleni ndefu.

"Nikifika kisiwani, Jumatatu naenda," akasema shemeji mbele yetu, kidole chake kwenye kisiwa kidogo ramanini, safari yetu ya Jumamosi. "Nisipofika, msiniamshe."

"Hujaoa, lakini una watoto wawili, kila jicho na wake," nikamtania. "Wapeleke basi wakatolewe, wamekuwa wakubwa."

"Shemeji, kisiwa kwanza."

Mtu aliyeshuka miteremko na lori lisilo na breki alikuwa anaogopa kisu kidogo kuliko kile changu cha kufumulia mshono. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua. Sikumsema. Mwanamume mzima humwanikii woga wake uani. Ila usiku nilimwomba Mungu atufikishe kisiwani, si kwa ajili ya kisiwa.

Kisiwa chenyewe kiko peke yake katikati ya bahari kuu. Hakina jirani wa kukimbilia. Kwa hiyo shemeji alichomeka pini yenye kichwa chekundu kwenye uzi, mbele kidogo ya nusu ya njia. Ukifika pale unaangalia mafuta. Yakiwa pungufu ya tulivyopanga, unageuka, na yatakutosha kurudi nyumbani. Ukishapita, unafika au unazama. Pini ile aliiita Geuza au Nyamaza.

"Kabla ya hapo, sema lolote," alisema. "Baada ya hapo sitaki kusikia mtu analia ndani ya ndege yangu."

Tukaondoka Jumamosi asubuhi. Binti yangu alikuwa kazini. Ndege ilipanda polepole kama mama mjamzito kwenye ngazi, ikatulia juu ya mawingu, injini zikavuma sauti moja. Shemeji akaiachia ijishikilie yenyewe. Nikashona kola tatu. Bahari ilikuwa ileile, ukitazama leo au kesho.

Tulipokaribia pini akaenda kunawa uso na kutia dawa machoni. Nikasogea kitini, nikasoma geji, nikapiga hesabu. Nikairudia. Upepo ulikuwa unatupiga usoni kuliko tulivyotarajia, na matangi yalikuwa yameshuka mno. Kwa mafuta yale kisiwa tungekiona kwa mbali tu, tukiwa tunaingia majini.

Sasa, mjazaji wa mafuta ni mimi. Binti yangu alinifundisha: unafungua pale pembeni, unavuta kipimo kwa kipanya, tangi linajaa. Na hakikatai hata ndege ikiwa hewani. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kipanya. Nilimsikia shemeji bafuni anajimwagia maji. Nikivuta kidogo tu, tunafika, anatua, Jumatatu anakwenda hospitali. Nani ameumia? Abiria wenyewe hawapo.

Nilifungua lile dirisha dogo. Nililitazama. Nikalifunga, nikakaa na mikono yangu mapajani kama mtoto aliyefukuzwa jikoni. Nilikuwa nimeomba tufikishwe. Sikuwa nimeomba niruhusiwe kuiba njiani.

Akarudi anajifuta uso.

"Vipi huko, Shemeji?"

"Mafuta hayatoshi."

"Kwa kiasi gani?"

Nikamtajia. Akainama mpaka pua ikagusa kioo, akakodoa, akaona ukungu wake uleule.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Upepo unaweza kulegea huko mbele."

"Unaweza. Na unaweza kukaza."

"Wewe ungefanya nini?"

"Mimi si rubani. Mimi nasoma tu."

Nikampisha kiti, akakaa. Niliogopa kwamba ataendelea, halafu nikaogopa kwamba hataendelea, maana Jumatatu nayo ilikuwa kwenye ndege ileile. Mwisho akashika usukani, akauzungusha taratibu. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine.

"Lori nililigeuza mara nyingi," akasema. "Waliokataa kugeuza tuliwapita bondeni."

Tukarudi na upepo mgongoni. Alinuna. Baada ya muda mrefu akasema, bila kunitazama, "Ungeweza kuyajaza. Mimi nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Na Jumatatu nisingekuwa na la kusema."

"Nalijua hilo pia."

Akaguna. Sikulisukuma neno lile. Ng'ombe aliyesimama ukimvuta mkia anazidi kusimama.

Kwa kawaida wakati wa kutua binti yangu ndiye hukaa pembeni yake akimtajia urefu na kasi, na mimi nakuwa mlangoni na mwiko mkononi. Siku hiyo nilikaa mimi. Nikataja namba, zikashuka, uwanja ukatokea. Yeye akaiona njia ya kutua ikiwa imeshafika miguuni. Magurudumu yakagonga, ndege ikayumba, ikatulia, ikasimama. Injini zikazimika moja moja.

"Tulikuwa katikati?" akauliza.

"Hapana. Gurudumu la kushoto lilikuwa kwenye majani."

Akageuka. "Majani gani?"

"Majani ya kando ya njia."

"Leo tu?"

Nikavuta pumzi. "Na Jumamosi iliyopita. Na ile nyingine ya mvua. Tangu jangwani, kwa kweli."

"Lakini mtoto huwa ananiambia, 'Safi kabisa, baba mdogo'!"

"Anakuambia hivyo, nasikia."

"Na wewe upo mlangoni, unaona, umenyamaza!"

"Hukuniuliza. Uliyemuuliza anakupenda."

"Kwa hiyo wewe hunipendi?"

"Nakupenda bila kuongeza chumvi."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilidhani amekasirika. Mabega yakaanza kutikisika, kumbe anacheka.

"Miezi yote hii naendesha ndege au trekta?"

"Trekta lenye mapangaboi manne."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Shemeji. Uwanja wa kisiwani, kando ya njia kuna nini?"

Nilikuwa nimeutazama uwanja ule picha nyingi wakati wa kupanga. Ni mwembamba kama mkanda wa suruali.

"Kuna bahari," nikamjibu. "Kushoto bahari, kulia bahari."

"Hivyo hata mafuta yangetosha..."

 Alikaa akiutazama mkono wake wa kushoto kama vile ndio uliokosea. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo, maana nilichoomba alikuwa ameninyima, na sasa naona kwa nini.

Jioni binti yangu akaingia na mkoba begani, hata viatu hajavua. "Mmefika, baba mdogo?"

"Tumegeuka."

Uso ukamwanguka. "Na kutua je? Bila shaka safi ka—"

"Wewe!" shemeji akamkata. "Kuanzia leo sitaki sifa zako kwenye ndege yangu. Sema, Jumatatu tunatakiwa kuwa hospitali saa ngapi?"

Mtoto akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Saa moja asubuhi. Ila wanataka mtu wa kukusindikiza, maana ukitoka jicho litakuwa limefungwa, huwezi kurudi peke yako. Nitaomba ruhusa kazini, nitakuja nikushike mkono."

"Nenda kazini kwako," shemeji akasema. "Kisiki kikiwa mbele yangu, wewe utaniambia ni zulia. Atanishika mama yako."