Kichupa cha Mheshimiwa

Mganga mkuu wa zahanati aliwapanga kina mama kwa unene wa watoto wao. Wanono mbele, karibu na zulia jekundu. Wembamba nyuma, karibu na choo.

"Wewe, mama," alimwambia muosha vyombo, "huyo wako kaa naye kule mwisho. Kwenye picha watadhani tuna njaa."

Ajabu, wangedhani! Muosha vyombo alihama, mtoto kifuani. Hakuja kupigwa picha. Alikuja kutafuta chanjo ya kifua kikuu, ile ya begani ambayo mtoto hupewa akizaliwa, na kila alipokuja nesi alimjibu lilelile: kichupa kimoja ni cha watoto wengi, kikishachanganywa hakifiki jioni, kwa hiyo hakifunguliwi kwa ajili ya mtoto mmoja. Arudi siku watoto watakapotimia. Utadhani ni abiria wa basi.

Nyumbani walikuwa na chumba kimoja, na nyuma ya pazia la chumba hicho alilala baba mkwe wake, akikohoa. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ameanza dawa. Tangu mjukuu azaliwe alikuwa hajamgusa. Alimtazama kwa mbali, kitambaa mdomoni, na kila jioni swali lake lilikuwa moja.

"Mama, kashachanjwa?"

"Bado, baba."

"Basi msogeze kule dirishani." Dirisha lenyewe halikufunguka.

Leo watoto walitimia. Tuseme walitimizwa, maana gari la matangazo lilizunguka mtaa mzima likipiga kelele kwamba Mheshimiwa anakuja kuzindua chanjo. Mwenye hoteli alikofanya kazi naye alimpa muosha vyombo ruhusa ya asubuhi tu. "Na iwe ya mwisho," alisema. "Masufuria hayajioshi."

Jua lilikuwa halijakolea muosha vyombo alipomsikia nesi akibishana na mganga mkuu dirishani.

"Bosi, tungoje kwanza afike. Nikichanganya sasa hivi, dawa inaanza kuharibika."

"Mheshimiwa asimame akungoje wewe ukoroge? Kila kitu kiwe tayari mezani!"

"Basi nichanganye, halafu niwachome hawa waliokwisha kuja."

"Kabla ya uzinduzi? Azindue nini sasa, makovu?"

Ndivyo vichwa vikubwa vinavyofanya kazi. Dawa ipo, sindano zipo, nesi yupo, watoto wapo wanalia. Kilichokosekana ni mkubwa mmoja wa kukata utepe. Nesi akachanganya. Kwa kuwa friji ya dawa ilijaa maji ya wageni, kichupa kiliwekwa kwenye kikasha cha barafu, na juu ya kikasha wakatandika kitambaa chenye maua ili kipendeze.

Jua likapanda. Turubai lilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na viti vya wageni, navyo vilikaa kivulini vitupu, vimestarehe. Kina mama walikaa juani. Mshereheshaji hakuchoka kupaza sauti: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Tumepona kweli, mpaka tumeungua," alisema mama wa mapacha, aliyekaa kando ya muosha vyombo. "Hata bwana harusi hachelewi hivi."

"Bwana harusi ana shida ya mke," mwingine akamjibu. "Huyu shida yake nini?"

Walicheka kidogo. Muosha vyombo hakucheka. Alinyanyuka, akamfuata nesi kwenye kona ya ukuta.

"Dada, nichomee huyu wangu tu. Hapahapa nyuma, nani ataona?"

Nesi alimtupia jicho mganga mkuu, aliyekuwa akinyoosha zulia kwa kiatu. "Nikikuchomea wewe, kesho nahamishiwa porini."

"Nyumbani tuna mgonjwa wa kifua, dada."

"Najua. Umeshaniambia." Nesi aliinama. "Na mimi nina watoto, shoga."

Adhuhuri ikapita. Masufuria ya hoteli yalikuwa yamekwisha kumpata muoshaji mwingine, hilo alilijua bila kuambiwa. Hakuondoka. Angalau arudi na mtoto aliyechanjwa.

Mheshimiwa aliwasili alasiri, akanukia vizuri, akazungumza kuhusu Mheshimiwa. Kisha akapewa mtoto wa shemeji yake mganga mkuu, mnono kama mkate, aliyechanjwa miezi mingi nyuma, na bomba la sindano lisilo na sindano wala dawa. Alivishika vyote viwili kama mtu aliyekabidhiwa kuku mzima akidhani atapewa supu. Kamera zikapiga. Makofi yakapigwa.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna mtoto wa mtaa huu atakayeachwa nyuma!"

Alikula, akanawa, akaondoka na msafara wake. Vumbi lake ndilo lililobaki kuagana na watu.

Kina mama wakakimbilia mezani. Nesi alifunua kikasha, akatazama saa, akatazama nyuso zao, akakimimina kichupa kwenye ndoo ya taka.

"Muda wake umepita," alisema.

"Tumekaa hapa tangu asubuhi dawa ikiwa hai!" mama wa mapacha alifoka.

"Kina mama, tuwe waelewa," alisema mganga mkuu, akichokoa meno. "Subira huvuta heri."

"Fungueni kingine!"

"Saa za kazi zimekwisha. Na wengine wameshaondoka, watoto hawatimii."

Muosha vyombo alimsogelea mganga mkuu mpaka akasikia harufu ya nyama aliyokula. "Wa kwako wamechanjwa?"

"Mama, tuheshimiane."

"Nakuuliza, wa kwako wamechanjwa?"

"Mlinzi!" aliita mganga mkuu.

Muosha vyombo alitembea mpaka nyumbani, mtoto amelala. Mlangoni alisimama. Baba mkwe wake alikuwa ameketi mbele ya pazia, kanyoa ndevu, kavaa shati la kutokea. Kitambaa hakuwa nacho mdomoni. Alikuwa akitabasamu, na mikono yote miwili ameshainyoosha.

"Gari limepita hapa sasa hivi," alisema. "Limetangaza watoto wote wa mtaa wamechanjwa, hakuna aliyebaki. Nimemshukuru Mungu. Haya, mama, nipe mjukuu wangu nimpakate."

"Baba," alisema.

"Nipe basi. Mbona umesimama?"

"Limedanganya, baba."

Mzee hakuishusha mikono mara moja. Ilibaki imenyooshwa, kana kwamba haikusikia. Kisha kikohozi kikampanda, akageuka haraka ukutani, akajiziba mdomo kwa shati lile safi, akakohoa muda mrefu humo ndani ya chumba kimoja. Mtoto akaamka. Akafungua kinywa, akavuta pumzi ndefu kabla ya kulia.