Ruhusa ya Bibi Albina

Orrin Tesch alifanya kosa la kitoto, tena mtu aliyesambaza barua za wilaya ile miaka thelathini: alibisha mlango wa mbele. Jamani! Nebraska nzima inajua mlango wa mbele ni wa wahubiri na wauza bima. Mtu wa maana huzunguka nyuma, akaingilia jikoni. Bibi Albina Vavra alichungulia, akaona mwanamume na kofia yake, akaachia pazia. Orrin akabaki barazani kama mtu aliyesusiwa karamu, mkononi ana sahani ya keki.

Alichokitaka kilikuwa nusu maili kutoka pale, katikati ya shamba ambalo mpangaji alikuwa hajalipanda mahindi bado. Ramani ya ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa na kijisanduku cheusi kando ya jina la Vavra, maana yake nyumba. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani. Lakini ukisimama barabarani mwezi wa Mei unaona kichaka kimoja cha maua ya zambarau, peke yake, na maua yale hayajioteshi. Kuna mwanamke aliyapanda karibu na mlango wake. Tangu astaafu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Orrin: kuyasaka mahame, kuomba ruhusa kwa wenyewe, kisha kupitisha juu ya udongo mashine yake ya kutafutia vyuma mpaka ilie.

Wiki iliyofuata akaja na akili zake. Akazunguka nyuma, kofia mkononi.

"Ndiye wewe wa juzi, mlango wa mbele?" Bibi Albina akamuuliza. Alikuwa na miaka themanini na minne na macho makavu.

"Ndiye mimi, bibi. Unisamehe."

"Nikadhani umekuja kuiokoa roho yangu. Imeshaokolewa mara mbili, inatosha. Ingia, funga mlango, paka watatoka."

Akamimina kahawa. Wakaongea mvua, wakaongea bei ya mahindi, wakaongea nani kafa na nani kakataa kufa. Mambo hayo hayana njia ya mkato. Anayeomba kabla ya kikombe cha pili hapewi. Kikombe cha pili kilipofika katikati, Orrin akasema shida yake.

"Unatafuta dhahabu?"

"Natafuta vifungo, bibi. Na misumari. Nikipata kisicho kifungo wala msumari, nafurahi wiki nzima."

"Na mkeo anakuvumilia?"

"Aliondoka."

"Kwa sababu ya mashine?"

"Kabla ya mashine."

"Basi mashine haina kosa," akasema, akacheka mpaka bega likatikisika.

Orrin akamweleza sheria yake, ambayo hajaivunja hata siku moja. Kila shimo analifukia. Kila anachokitoa, hata kiwe kibovu, anakiweka juu ya meza ya mwenye ardhi, naye ndiye anayesema kibaki au kiende. Bibi Albina akaacha kucheka. Akakizungusha kikombe chake taratibu.

"Nakuruhusu. Lakini ukipata saa, saa ya mfukoni, ya fedha, usinionyeshe. Wala usiniambie. Irudishe ulikoitoa."

"Sawa, bibi," Orrin akajibu kabla hajafikiri.

"Ilikuwa ya baba. Ilipotea, akamfukuza kaka yangu Ladimir kwa ajili yake. Ladi alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, na mimi ndiye niliyesema nilimwona anafungua mtoto wa meza ya baba."

"Ulimwona?"

"Nilimwona akifungua. Sikumwona akichukua. Hakuna aliyeniuliza hilo la pili." Akatazama dirishani. "Yuko Omaha, yu hai. Binti yake huniletea kadi kila Krismasi. Miaka sabini na miwili hatujasikilizana sauti. Kama aliichukua, basi aliichukua, nami napata usingizi. Kama imelala kwenye udongo ule, sitaki kujua. Umenielewa?"

Orrin alielewa. Akaomba moyoni asiipate.

Siku mbili za kwanza alipata alivyovizoea: vifungo vya ovaroli, kijiko, kiatu cha farasi, gurudumu la gari la mtoto. Siku ya tatu alifika penye bomba la kisima lililokatwa, mahali palipokuwa na pampu ya mkono, na mashine ikatoa mlio mwembamba, safi, usio wa chuma. Akachimba kina cha shubiri moja na nusu. Saa ikatoka nyeusi, imefunga kifuniko chake, na kipande cha mnyororo kilichokatika.

Akachuchumaa pale. Maisha yake yote alingoja mlio kama ule, na sasa angetoa chochote uwe wa msumari. Ahadi ni deni, na ahadi alikuwa ametoa. Angeifukia, trekta ingepita, nani angejua? Lakini kulikuwa na mzee wa miaka themanini na tisa kule Omaha aliyeitwa mwizi tangu ndevu zake hazijaota. Mara mbili Orrin aliirudisha shimoni, mara mbili akaitoa. Mwisho akaitia mfuko wa shati, akafukia shimo, akaenda jikoni kwa Bibi Albina akiwa hajui atasema nini.

Akapanga vitu mezani. Bibi akavipitia kimoja kimoja, akacheka na lile gurudumu, akalitambua. Kisha akainua macho.

"Ndivyo vyote?"

Neno moja tu lingetosha, ndiyo, na kila mtu angelala. Orrin akafungua kinywa, likakataa kutoka.

"Ndivyo ulivyoniruhusu nilete, bibi."

Paka akaruka kutoka kitini. Bibi Albina hakusogea.

"Itoe."

"Bibi, ulisema…"

"Najua nilichosema. Itoe."

Akaiweka mbele yake. Bibi hakuigusa. "Wapi?"

"Penye pampu. Mnyororo ulikatika."

"Baba alikuwa akitoka shamba anainama pale, anakunywa kwa kiganja." Akalia, wala hakuuficha uso. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole hupona. Ulimi wa mtoto yule wa miaka kumi na miwili ulijikwaa mara moja tu, na bado ulikuwa unatoka damu.

Alipomaliza kulia aliinuka, akaichomoa kadi ya Krismasi yenye namba ya simu kwenye mlango wa friji, akaenda kwenye simu ya ukutani. Orrin akatoka nje kwa heshima, akakaa kwenye ngazi. Mlango haukufunga vizuri.

"Ladi? Ni Albina. Albina wa kwenu. Usikate. Saa ya baba imepatikana. Ilikuwa penye pampu miaka yote hii. Mimi ndiye niliyesema, Ladi. Ni mimi."

Halafu Orrin akasikia anaitwa.

"Orrin! Anauliza, inatembea?"

Orrin akaja mlangoni. "Haitembei, bibi. Imeliwa na kutu ndani."

Akamwambia kaka yake hivyo hivyo. Akasikiliza, mkono ukapanda mdomoni, akageuka kumtazama Orrin.

"Anasema hata wakati ule haikuwa inatembea. Baba alimtuma yeye kwa fundi mjini, fundi akasema haitengenezeki. Baba akaona aibu. Akawa anaivaa imesimama, shambani na hata kanisani, akamwapisha Ladi asimwambie mtu. Siku niliyomwona, alikuwa anairudisha mahali pake. Na hakumwambia mtu, Orrin. Hata alipofukuzwa. Hakumwambia mtu."

Akairudisha simu sikioni kwa mikono miwili.

"Niko, Ladi," akasema. "Sema wewe. Mimi nasikiliza."