Kiti Kilichogeuziwa Ukuta

Walimwita Bisibisi kwa sababu hakuhitaji mitambo ya kupimia. Gari likiletwa gereji, aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaubana nyuma ya sikio, akafumba macho kama anayesikiliza umbea. Akiyafumbua, alikuwa ameshajua ugonjwa. Sifa hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake, na tuseme ukweli, aliringa nayo kupita kiasi.

Kisha ikaja saratani. Alitundikiwa dripu miezi mingi, nywele zikanyonyoka, akabaki mifupa, lakini akapona. Hospitali wakamwambia arudi kupimwa masikio. Hakurudi. Alisema mtu aliyetoka mdomoni mwa simba harudi kumhesabu meno. Ukweli ni kwamba aliogopa. Wakimwambia masikio yameharibika, atakuwa fundi wa nini tena?

Mkewe, aliyeuza vipuri kwenye dirisha la gereji hiyohiyo, alikuwa ameshaona dalili.

"Mama watoto, siku hizi unanong'ona tu. Sema kama mtu!"

"Nikisema, majirani wote wanaitika isipokuwa wewe."

Ndipo dereva mmoja wa teksi alipoleta gari lenye mlio. Bisibisi akasikiliza, akasikia ngurumo safi ya injini, akafunga boneti. "Halina neno. Nenda." Mkewe alikuwa ameusikia mkanda wa feni ukilia kama mtoto wa mbwa, ila alinyamaza asimuaibishe mumewe mbele ya wateja. Kabla ya adhuhuri mkanda ulikatika, na teksi ikarudi ikivutwa, ikifuka mvuke. Dereva hakumtukana. Alimtazama kwa huruma tu, na hiyo ikamuuma Bisibisi kuliko tusi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alimwambia jioni kwa sauti kubwa. "Mimi nilikosea kunyamaza. Wewe usikosee kukataa. Kesho tunakwenda."

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji. Binti mpimaji alimvisha vipokea sauti, akampa kitufe. "Ukisikia mlio, hata mdogo vipi, bonyeza." Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa kioo. Bisibisi, mjanja wa kuzaliwa, akagundua kwamba kila mlio ukitumwa, bega la binti hutikisika kidogo. Akaacha kusikiliza, akalifuata bega. Alibonyeza bila kukosa, akajiona bingwa. Binti akatabasamu, akaingia, akakigeuza kiti kikaelekea ukutani.

Wakaanza upya. Milio mizito ilikuja, akabonyeza. Halafu kukawa kimya. Akasubiri. Akasubiri mpaka akaudhika, na mlango ukafunguliwa.

"Binti, mbona umesimama? Nangoja uendelee."

Mpimaji akainama ili auone uso wake. "Nimemaliza, baba."

Bisibisi akalia, tena bila kujificha.

Binti alimwacha alie, kisha akamweleza. Saratani haijarudi. Dawa zilizomponya ndizo zilizoyagusa masikio, hasa kwa milio myembamba. Kilichopotea hakitarudi, lakini vifaa vya kusaidia kusikia vipo, na kazi yake anaweza kuendelea nayo akikubali kuvivaa na kupimwa mara kwa mara.

Alikubali, ila siku ya kwanza alikwenda gereji amevifunika kwa kofia ya sufu, jua likiwaka. Yule dereva wa teksi alikuja kubadilisha oili.

"Fundi, kofia ya sufu na joto hili?"

Bisibisi akageuka kumtazama mkewe dirishani. Akaivua kofia.

"Ni vifaa vya kusikia. Dripu za saratani zilinipunguzia masikio, nami nikaficha, ndiyo maana nikakuharibia gari. Nisamehe, ndugu yangu."

Dereva hakucheka. Aliegemea mlango wa teksi.

"Mama yangu naye alimaliza dripu mwaka jana," akasema. "Tukimwita haitikii. Tulidhani ametususa. Sasa hata sisi tumeacha kumsemesha."

Bisibisi akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Oili itangoja," akasema. "Twende tukamchukue mama, akapimwe masikio."