Mawe Mawili Mawili Mlimani

Nimerudi Chatsworth wiki ya tatu sasa, na kila anayekuja kunisalimia anauliza maghorofa. Sikuona ghorofa hata moja. Amerika niliyokwenda mimi ina milima, ng'ombe, daraja lenye paa kama nyumba, na watu wanaokupungia mkono hata kama hawana haja na wewe. Milima yenyewe inaitwa Apalachia. Anayetaka maghorofa ashuke mjini Durban, yapo, aniache nimalize habari yangu.

Aliyenialika ni Immaculée, Mkongomani aliyekuwa akisuka nywele mjini, ubavuni mwa meza yangu ya vitenge. Miaka sita tulikula sahani moja. Kisha watu wa wakimbizi wakamchukua yeye na wanawe, wakawapeleka Amerika, na huko wakawaweka bondeni, kijiji chenye kanisa, duka na kituo cha mafuta. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Akanipigia simu: "Mama Saumu, kuja uone. Huku iko kimya mpaka unasikia damu yako inatembea."

Nikaenda. Yule wa viza aliponiuliza ana uhakika gani kwamba nitarudi Durban, nilimwambia nina kuku kumi na mmoja na jirani mwizi. Akagonga muhuri.

Jumamosi ya kwanza Immaculée akanipeleka kwenye matembezi ya mambo ya kale. Anayeongoza ni mzee mmoja, Bwana Wendell, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya majani, mpole, anakipenda kijiji chake kama mtu anavyolipenda jino lake la dhahabu. Tulikuwa wageni wanane kwenye gari dogo. Nilikuwa nimemwonya Immaculée asimwambie mtu kwamba Kiingereza nakijua. Miaka arobaini Durban nimegombana kwa Kiingereza sokoni, benki na hospitali, lakini nimejifunza hili: bibi asiyejua Kiingereza husikia mengi.

Tukaonyeshwa daraja la paa. Paa ni la kuzuia mbao zisioze. Tukaonyeshwa kibanda cha magogo cha mtu wa kwanza kuhamia hapo, na kitanda chake, na sufuria yake. Bwana Wendell akarudia, mtu wa kwanza. Nikamuuliza Immaculée kwa Kiswahili kama kabla ya huyo milima ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Akanifinya mkono.

Mwisho tukafika makaburini. Uzio mweupe, nyasi zimekatwa, kila kaburi na jina lake na bendera ndogo. Getini alisimama mama mweusi wa umri wangu, mrefu, kavaa viatu vya mvua na jua linawaka.

"Huyo ni Delphia," Bwana Wendell akawaambia wageni, akishusha sauti. "Kila Jumamosi yuko hapo."

Delphia hakushusha yake. "Jumatatu mnaleta greda," akasema. "Bibi yangu yuko pale."

Akaonyesha mteremko ulio nje ya uzio, vichaka na mawe matupu. Bwana Wendell akatueleza kwa upole kwamba kamati yake ya mambo ya kale itapasawazisha ili mabasi ya watalii yapate pa kuegesha. Delphia anasema weusi waliochimba makaa ya mawe walizikwa pale, wao na wake zao, kwa sababu ndani ya uzio walikataliwa. Kitabu cha kanisa hakina jina lao hata moja.

"Nimemwomba alete ushahidi," Bwana Wendell akasema.

"Ushahidi mtausukuma kwa greda Jumatatu," Delphia akasema.

"Delphia, yale ni mawe tu. Wakulima waliyatoa mashambani wakayatupa."

Sasa nitasema jambo la aibu, maana bila hilo habari haiendi. Nilikuwa nimebanwa. Choo cha makaburini kilikuwa na kufuli na safari ilikuwa ndefu. Nikamnong'oneza Immaculée awashughulishe wenzetu, nikajipenyeza kwenye vichaka vya ule mteremko, nikakunja gauni, nikachuchumaa. Na ukichuchumaa unaona usiyoyaona umesimama.

Mbele yangu kulikuwa na jiwe la kimo cha goti, limesimamishwa wima. Hatua mbili kutoka hapo, jiwe jingine, dogo, nalo wima. Katikati ardhi imebonyea kama godoro la mtu mzito. Pembeni yake, jozi nyingine. Kisha nyingine, kwa mstari, zote zimeelekea upande mmoja.

Nikasimama haraka, haja imekauka. Kidogo tu ningemkojolea mtu.

Marehemu mume wangu, Sultan, alikuwa wa wale Wazanzibari wa Durban ambao serikali ya makaburu iliwatoa pwani kwa lori ikawaleta Chatsworth, yeye akiwa mtoto. Kila mwaka alirudi walikotolewa kwenda kung'oa majani kwenye kaburi la babu yake. Mara ya kwanza kunipeleka nilimuuliza, "Kaburi liko wapi? Naona mawe mawili." Akasema, "Moja la kichwa, moja la miguu. Ulitaka na dirisha?" Kwetu Tanga pia mtu asiye na uwezo huwekewa hivyo. Ni kitu nisichohitaji kusomeshwa na mtu.

Nikarudi kwenye uzio. "Immaculée, mwambie mwalimu yale ni makaburi."

"Eish, Mama Saumu. Sisi tuko bageni hapa."

"Mwambie."

Akamwambia kitu kifupi mno. Akasema bibi amechoka, anaomba tuondoke. Nilikisikia chote.

Basi nikarudi mteremkoni, nikavua viatu, nikalala chini. Si juu ya kaburi, sijakosa adabu kiasi hicho. Nililala kando yake, kichwa usawa wa jiwe kubwa. Miguu ikafika usawa wa jiwe dogo, sawasawa, kama nimepimwa na fundi.

Wote wakaja. Bwana Wendell akamwambia Immaculée, "Tafadhali mwinue mama yako, gari linaondoka."

Nikamjibu mwenyewe kwa Kiingereza: "Mwalimu, ni mkulima gani anayetupa mawe kwa kipimo cha mtu?"

Immaculée akaziba uso kwa mikono. Bwana Wendell akanitazama kama ng'ombe amemwamkia.

"Inaweza kuwa ni bahati," akasema.

"Delphia," nikaita, "wewe mrefu. Jaribu ile ya pale."

Akashuka taratibu, magoti yakilia, akajinyoosha kando ya jozi iliyofuata. Ikamtosha.

"Mbili bado ni bahati," nikasema. "Tunahitaji wa tatu. Immaculée."

"Mama, wewe unarudi Durban. Mimi ntabaki hapa na hii watu. Kazini batanisema."

"Watakusema. Ulipokuwa unasuka nywele Durban, mkimbizi, nani hakukusema?"

Alikuwa kavaa gauni jeupe la kanisani. Akasimama pale, akiangalia wageni, akiangalia gari. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa naye. Kisha akasema polepole, "Kwetu batu balizikwa porini, na hakuna mwenye aliweka hata jiwe." Akalala na gauni lake kwenye majani.

Hapo Bwana Wendell akaanza kutembea kati ya mistari, peke yake. Alikuwa akihesabu, midomo ikicheza. Mwishoni mwa mstari wa pili akasimama. Jozi ile mawe yake yalikuwa karibu karibu, kama urefu wa mkono wangu mmoja. Hakuna aliyeombwa alale pale. Akavua kofia.

"Sikuwahi kuingia huku," akasema. "Miaka yote hii nasimama ndani ya uzio."

"Piga simu," Delphia akasema akiwa chini. "Weka sauti tusikie."

Akapiga. Mwenzake wa kamati, upande wa pili, akasema greda limeshapangwa na mabasi yanakuja.

"Mabasi yataegesha kwenye uwanja wangu," Bwana Wendell akasema. "Greda lisije. Hapa kuna watu."

"Watu gani?"

"Waliozikwa."

Akakata. Immaculée akajiinua nusu, akidhani tumemaliza. Delphia hakusogea.

"Hukumwambia ni wangapi," akasema. "Piga tena."

Nikatulia na mimi, mikono kifuani. Sisimizi walikuwa wananitembea shingoni lakini niliwaacha.

Bwana Wendell akapiga tena. "Ni ishirini na saba," akasema. "Ndiyo, nimehesabu mwenyewe. Chukua kalamu, uandike."